Kuna Baadhi ya Watu Humu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama kwenye korido, gambuti miguuni na kofia za nywele kichwani, nami nikasema machache kuhusu siku inayoanza. Asubuhi moja nilikuwa na jambo zito moyoni. Kwa siku nne mfululizo meza moja ilikuwa inaacha nyama nyingi mno kwenye mapanki, yale mifupa yanayobaki minofu ikishakatwa, na nilijua ni kisu cha nani. Kilikuwa kisu cha kijana mmoja hodari ambaye ghafla alikuwa amelegea. Badala ya kumwita pembeni, niliwakabili watu wote arobaini nikasema: "Kuna baadhi ya watu humu wanafanya kazi kama hawaitaki. Wanajijua. Geti liko wazi."

Kabla mwezi haujaisha, mama mmoja wa meza ileile, mkata minofu mzoefu kuliko wote niliokuwa nao, hakuonekana tena. Hakuaga. Kijana niliyemkusudia alibaki, na mapanki yake yakaendelea kuwa manene.

Tangu siku hiyo sentensi ile imekuwa ikinikera popote ninapoisikia, na ninaisikia kila mahali. Ipo katika viwanda vya Nyakato na vyumba vya walimu, ipo kwenye ofisi za SACCOS na kwenye vikao vya wahudumu wa hoteli. Siku hizi imehamia pia kwenye makundi ya WhatsApp. Bosi anapiga picha meza ambayo haikufutwa, anaituma saa tatu usiku kwa watu ishirini na watano, na chini yake anaandika, "Haya ndiyo mambo gani?" Kila mmoja anaona. Hakuna anayejibu, isipokuwa wawili watatu wanaoweka alama ya mikono iliyokunjwa ili waonekane hawamo.

Watu wakizungumzia viongozi wa kazini hupenda kuwagawa wakali na wapole, kana kwamba hapo ndipo penye tatizo. Nimefanya kazi chini ya wakali na chini ya wapole, na wote nimewaona wakiikimbia kazi ileile kwa njia ileile. Mkali anawafokea wote kwa kosa la mmoja, na mpole anawasihi wote. Yule mmoja hakuna aliyekaa naye.

Sisi ni watu wa mafumbo, na sioni aibu kwa hilo. Kanga zetu zinasema tusiyoyasema, na mipasho ni sanaa inayotaka akili na sikio. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Lakini tuangalie fumbo linafanya kazi wapi. Jirani akivaa kanga yenye neno la kunichoma, Jumamosi nami nitavaa yangu. Akiimbiwa shoga yako, ana kinywa cha kuimba pia. Fumbo ni mchezo wa watu waliolingana, na utamu wake wote uko katika haki ya kujibu. Weka mshahara kati ya hao wawili, na mchezo umekufa. Mfanyakazi hana kanga ya kumjibia bosi. Fumbo la mkubwa kwa mdogo ni mzigo anaokwenda nao nyumbani bila kujua kama ni wake.

Na mzigo huo haugawanywi kwa haki. Nikisema "kuna baadhi ya watu" mbele ya watu arobaini, kila mmoja anajichukulia kipande. Mwenye dhamira inayomsuta haraka, anayefika mapema na kulala akiwaza kazi, huchukua kipande kikubwa kuliko wote. Mwenye ngozi ngumu hachukui chochote. Kwa hiyo karipio la jumla huwaumiza watu kwa mpangilio uliopinduka: linamwadhibu zaidi anayestahili kidogo. Yule mama alikuwa wa kundi la kwanza. Mimi nilikuwa namwona kila siku na sikuliona hilo.

Kwa nini tunakimbia? Sababu moja ninaiheshimu. Mwanza imekuwa jiji, lakini kwa maneno bado ni kijiji. Neno likitoka ofisini Igogo mchana, jioni limeshafika Mlango Mmoja. Mtu unayetakiwa kumwambia kwamba kazi yake haitoshi huenda ni shemeji wa aliyekuuzia kiwanja Buhongwa, au mnasali naye jumuiya moja. Jumamosi mtakutana msibani na atakuwa ndiye anayeshika sufuria. Bosi anapiga hesabu hiyo, anaona ni heri kuwasema wote kuliko kumpoteza mmoja. Ninaielewa hesabu hiyo, ila naona imepigwa nusu tu. Kwa kuwa mtakutana msibani, ndiyo maana inafaa alisikie neno lako Jumanne, kwenye chumba chenye mlango, kuliko aje alipate kwa mpishi mwenzake.

Sababu nyingine siiheshimu. Ni uvivu. Kumsema mtu mmoja kunataka ujue jambo lake: tarehe, kilo, daftari. Kuwasema wote hakudai maandalizi.

Katika viwanda vya samaki kuna njia mbaya zaidi ya kukwepa, nayo ni kimya. Wengi wa wanaokata minofu kwa miaka mingi wamekuwa vibarua. Alfajiri wanakusanyika getini, majina yanasomwa, na siku samaki ni wachache majina huwa machache. Msimamizi asiyeridhika na mtu hahitaji kumwambia kitu. Anaacha tu kumsoma. Leo hakusomwa, kesho hakusomwa, siku ya tatu anapanga maandazi kwenye beseni aanze biashara ya barabarani, na hajui mpaka leo kama ni samaki walikosekana au ni yeye aliyekosea. Nimeshika karatasi ile ya majina mkononi. Najua jinsi ilivyo rahisi kuruka mstari mmoja, na sitaki mtu aniambie kwamba huo ni uongozi.

Nenda sasa ufukweni uone watu ambao hawajasomea uongozi popote. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa zinataka giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Hapo ndipo hesabu nyingi hufanyika. Tajiri wa mtumbwi anakaa na nahodha na wavuvi wake, daftari linafunguliwa, mafuta yanatolewa, matengenezo ya nyavu yanatolewa, kinachobaki kinagawanywa. Na hapo ndipo maneno magumu yanaposemwa: kwamba usiku fulani mtumbwi ulitoka na ukarudi na beseni chache kuliko mitumbwi iliyokuwa jirani, kwamba inasemekana kuna mzigo uliouzwa majini. Wavuvi nao wanasema yao, kwamba betri ni mbovu tangu mwezi jana na tajiri aliahidi. Sisemi vikao hivyo ni vya amani. Nimesikia makelele yake nikiwa mbali. Lakini vina vitu vinne ambavyo ofisi nyingi zenye kiyoyozi hazina. Vina wakati unaojulikana, kwa hiyo hakuna anayeviziwa. Vina daftari lililo wazi mbele ya wote. Vina wahusika wenyewe tu. Na anayetuhumiwa ana zamu yake ya kusema.

Daftari lina uzito kuliko tunavyodhani, hasa pale ambapo bosi ana shaka na si uhakika. Chukua mabondo, vile vibofu vya hewa vilivyo tumboni mwa samaki. Kila anayefanya kazi ya sangara anajua kwamba kilo ya mabondo ina bei mara nyingi zaidi ya kilo ya minofu, na bondo ni kitu kidogo kinachojificha kirahisi. Yanapopungua, kiwanda kizima kinanuka shaka. Watu wanapekuliwa kwa ukali, mtu anatajwa kwa minong'ono, na msimamizi anasimama asubuhi kuzungumzia "wezi tulionao humu". Lakini kila sangara ana bondo moja. Hiyo ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Tuseme wamepasuliwa samaki mia sita, na mabondo yaliyofika kwenye mizani ni mia tano themanini na nane. Msimamizi anaweza kumwita kiongozi wa meza akamwambia: "Samaki ni mia sita, mabondo ni kumi na mawili pungufu. Naomba tutembee pamoja kuanzia kisu mpaka mizani, tuone yanapotelea wapi." Hajamwita mtu mwizi. Pengine yamepasuka, pengine yamekwenda na matumbo, pengine yameibwa kweli. Akiwa na uhakika na aseme alichokiona kwa macho yake, na akiwa na shaka na aseme namba. Kinachotia sumu ni kuisema shaka kwa sauti ya uhakika, kwa sababu ikibainika ulikosea, neno "mwizi" huwezi kulirudisha kinywani.

Umri nao una ugumu wake. Rafiki yangu ni dada wa miaka thelathini na kidogo, anaongoza ofisi ya watu tisa. Mtunza stoo wake ana umri wa baba yake. Kwa wiki mbili daftari la stoo halikujazwa, na yeye kwa wiki mbili alizunguka: alimtuma dereva, alibandika tangazo ukutani kuhusu "umuhimu wa kumbukumbu", alitaka kuniomba mimi nikaongee naye kwa kuwa ni mwanaume mwenzake. Nilikataa. Ushenga ni jambo jema pande zote mbili zikimkubali mshenga, lakini karipio linalopitia kwa dereva ni kumdhalilisha mzee huku unadhani unamstahi.

Mwishowe alikwenda mwenyewe stoo. Hakumwita ofisini kwake, na nadhani hapo alifanya vizuri kuliko hata yeye anavyojua. Alikaa juu ya katoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya daftari. Halijajazwa tangu tarehe tatu. Jumatatu nimelipia mzigo ambao sijui kama uliingia."

Akanyamaza. Mzee alianza na miaka yake ishirini ya kazi, akaja kwa mabosi waliopita, kisha akapanda: "Kwa hiyo wewe ndiyo unakuja kunifundisha kazi?" Rafiki yangu anasema mikono ilikuwa inamtetemeka. Alijibu: "Kazi ya stoo sikufundishi, mzee. Mimi nimejifunza kwako. Daftari ndilo ninaloliomba, lije mezani kila Ijumaa." Mzee alinuna wiki nzima. Hakuna aliyekumbatiana na mtu. Ijumaa daftari lilifika.

Naikumbuka habari hiyo kwa sababu ya kile ambacho hakikutokea. Shikamoo haikumshusha cheo, wala cheo hakikumzuia kusema shikamoo. Vijana wengi wanaopewa madaraka leo wanadhani lazima wachague kimoja: ama wawe wana wa wazee wao, wanyamaze, ama wawe mabosi, wawaite wazee kwa majina yao ya kwanza na kuwasimamisha mbele ya meza. Lugha yetu ina nafasi ya vyote viwili katika sentensi mbili zinazofuatana. Heshima inatangulia, jambo linafuata, na jambo linatajwa kwa jina lake. Na ukishalitaja, nyamaza kweli. Kimya cha hapo kinauma, na wengi wetu hukijaza kwa kulipunguza neno tulilokwisha kulisema: "Si kwamba ni vibaya sana, lakini..." Mwenzio anatoka hajui kama ameonywa au amesifiwa.

Serikali iliwahi kutufikiria katika hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka mwajiri afanye uchunguzi kwanza, amweleze mfanyakazi tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa, ampe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na amruhusu aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kama tatizo ni utendaji hafifu, anatakiwa aelekezwe na apewe nafasi ya kujirekebisha. Aliyeachishwa kazi asiporidhika ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukizisoma kanuni hizo kwa utulivu utaona zinaeleza mazungumzo: nani aseme nini, lini, mbele ya nani, na mwenzake ajibu vipi.

Tumefanya nini nazo? Tumezigeuza kuwa barua. Mtu hajawahi kuambiwa kwa mdomo kwamba kuna tatizo, anakuta bahasha juu ya meza yake, Ijumaa saa kumi, ajieleze ndani ya siku mbili. Na bahasha yenyewe, katika ofisi nyingi, bado imeandikwa Kiingereza, kwa mtu ambaye kazi yake yote ameifanya kwa Kiswahili, na nyumbani anazungumza Kisukuma au Kijita au Kikerewe. Bunge lilishabadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kukihukumia, meneja anaweza kukionyea. Nimemwona baba mzima akimwomba mwanawe wa kidato cha pili amsomee kosa lake. Barua ina kazi yake ya kuweka kumbukumbu ya yaliyozungumzwa, na kabla ya mazungumzo haina cha kukumbuka.

Hadi hapa nimezungumza kama vile maneno magumu hushuka tu. Ukanda huu una sababu ya kuogopa zaidi yale ambayo hayapandi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa ni 228. Wakubwa zetu wanaikumbuka pia Mei 21, 1996, siku ilipozama meli ya MV Bukoba. Sipandi chombo chochote ziwani bila kumtazama yule kijana anayefungua kamba na kupanga mizigo, kwa sababu yeye huliona jahazi linavyokaa majini kabla ya aliye juu. Swali langu kwa kila kiongozi ni hilo: kijana wako wa kamba akiona kitu, anakwambia? Na mara ya mwisho alipokwambia, uso wako ulikuwaje? Watu hawasahau uso wa bosi siku walipomletea habari mbaya. Ukiukunja mara moja, mwaka mzima utaletewa habari njema tupu, nawe utadhani mambo ni shwari.

Kuna watakaonijibu kwamba kusema mbele ya wote kunafundisha wengi kwa mara moja. Kwa mambo ya wote, ndiyo. Muda wa kuingia, usafi wa visu, njia ya kutokea moto ukizuka, hayo na yasemwe kwa sauti na kila siku. Jambo likiwa na mtu mmoja, lina masikio mawili tu yanayostahili kulisikia.

Wiki mbili baada ya hotuba yangu ya korido, nilimwita yule kijana nyuma ya chumba cha barafu. Nilimwambia nimepima mapanki yake na nikamtajia uzito. Nikamuuliza kuna nini. Alinionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kisu. Kilikuwa kimekufa ganzi, hakikunji. Alikuwa anakata kwa vidole vitatu, na alikificha kwa sababu alikuwa kibarua, na alijua kibarua mwenye kidole kibovu hasomwi getini. Nikamhamishia kwenye mizani. Mazungumzo yale hayakufika dakika sita, yalikuwa mafupi kuliko hotuba yangu.

Yule mama nilimkuta miaka minne baadaye, Mwaloni, Kirumba, amekaa nyuma ya rundo la dagaa na kisado chake. Nilimwamkia, akaitikia, akanipimia bila mimi kuomba. Nilipotoa hela, akaishika mkono mmoja bila kuitia kwenye mkoba, akaniuliza:

"Mwanangu, siku ile kwenye korido, ulikuwa unanisema mimi?"

Nikamwambia hapana, mama, hata kidogo. Nikamwambia yeye ndiye nilikuwa nawatuma wageni wakamtazame anavyokata.

Akatazama ziwa kidogo, kisha akaongeza konzi mbili za dagaa kwenye mfuko wangu.

"Hilo," akasema, "nalo hukuniambia."